Haki ya Anayetangulizwa

Yeyote aliyepata kusimama kandokando ya barabara itokayo Shinyanga kupitia Tinde hadi Kahama, au ile ya kutoka Geita kwenda Katoro, hahitaji kuelezwa baiskeli ni nini kwa watu wa sehemu hizi. Ndiyo mkokoteni wa mkulima, ndiyo gari la mgonjwa, ndiyo duka la mchuuzi wa maji. Basi si ajabu kwamba sikukuu ikifika vijana hujipanga barabarani na kushindana kwa baiskeli, na wazee wakaacha shughuli zao wakaja kutazama.

Mwaka mmoja tulialikwa kuwa wageni katika mashindano ya namna hiyo, katika kijiji kimoja cha ukanda wa dhahabu. Kijiji hatutakitaja, maana shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Waandaaji walikuwa wametumia busara. Waliona kuwa wapo washindani wenye baiskeli nyepesi za mashindano, zenye gia nyingi, na wapo wenye baiskeli nzito za kazi, zisizo na gia hata moja, ambazo asubuhi ya siku ile ile zilikuwa zimebeba madumu ya maji. Wakaamua kwamba wenye baiskeli za kazi watangulizwe kwa dakika tatu. Umati ulishangilia uamuzi huo, nasi tukaushangilia pia.

Filimbi ya kwanza ilipokaribia kupulizwa, kijana mmoja mchuuzi wa maji alishindwa kujizuia. Gurudumu lake la mbele likavuka mstari wa chokaa kwa kadiri ya shibiri moja. Mwamuzi akamwita kando, akamwondoa mashindanoni, kisha akapanda pikipiki kuwafuata waliotangulia. Dakika tatu baadaye kundi la pili liliondoka kwa ishara ya mtu aliyeachiwa saa tu. Tuliokuwa pale tuliona kwa macho yetu baiskeli mbili zikichomoka kabla ya ishara, si kwa shibiri moja, bali kwa urefu wa baiskeli nzima. Hakuna aliyepuliza filimbi. Mmoja wa wawili hao ndiye aliyeondoka jioni ile na zawadi ya mbuzi. Kijana wa maji alikuwa amekwisha kurudi kisimani.

Sisi tuliokaa kwenye viti vya wageni hatukusema neno siku ile. Tunakiri kosa hilo, na haya tunayoyaandika leo ni sehemu ya kulilipa.

Swali tunalotaka kuliweka mbele ya wananchi, na hasa mbele ya viongozi wenye dhamana ya michezo, ni hili: katika mbio za kutangulizana, yaani mbio ambamo aliye dhaifu huondoka kabla ya mwenye nguvu, kosa la mstari wa kuanzia lihukumiwe vipi ili haki itendeke kwa wote wawili? Wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo. Sisi tunaamini kuwa kanuni ndogo ndiyo inayoonyesha tabia ya chombo kizima.

Kwanza tukubaliane kwamba kumtanguliza dhaifu si sadaka. Ni njia ya kuyafanya mashindano yawe mashindano. Bila kutangulizana, baiskeli ya gia itaishinda baiskeli ya maji kila siku, na matokeo yatajulikana kabla ya filimbi. Wala jambo hili si geni duniani. Huko Australia, katika mji wa Stawell, mji ulioinuliwa na machimbo ya dhahabu kama ilivyoinuliwa Geita, kila Pasaka hukimbiwa mbio za miguu zilizoanzishwa mwaka 1878. Mbio hizo ni za mita 120, lakini hawakimbii wote mita 120. Kila mkimbiaji hupewa mita kadhaa za mbele kulingana na uwezo wake, na aliye bora kuliko wote huanzia nyuma kabisa. Mji wa wachimbaji ulitambua mapema kwamba raha ya ushindani ni kutojua nani atafika.

Lakini nafasi ikishatolewa kwa kipimo, ni lazima ilindwe kwa kipimo. Aliyepewa dakika tatu hana haki ya kuiba sekunde ya nne, na aliye nyuma hana haki ya kujirudishia sekunde alizonyimwa. Kwa hiyo kanuni ya mstari wa kuanzia si adui wa anayetangulizwa. Matata huanza pale kanuni hiyo inapomtazama mmoja tu.

Mahali ambapo hoja hii imechambuliwa kwa kina ni katika mashindano ya magari ya Marekani yaitwayo dragi. Magari mawili husimama sambamba na kukimbia katika njia iliyonyooka, kwa kawaida robo ya maili, yaani mita 402 hivi. Chama kikubwa cha mchezo huo, kiitwacho NHRA, kilianzishwa na Wally Parks mwaka 1951. Hapo mwanzo ishara ilitolewa na mtu mwenye bendera. Tangu mwaka 1963 kazi hiyo ilianza kufanywa na mlingoti wa taa za rangi ambao wenyewe huuita Mti wa Krismasi. Taa za manjano huonya, ya kijani huruhusu, na nyekundu humwakia aliyeondoka kabla ya wakati.

Katika madaraja ya kutangulizana, kila dereva hutangaza mapema muda ambao gari lake litautumia. Tuseme wa kwanza ametangaza sekunde 14, na wa pili sekunde 11. Tofauti ni sekunde 3, basi gari la polepole huwashiwa taa sekunde 3 kabla ya lile la kasi. Kama kila mmoja atatimiza alichotangaza, watafika mwisho bega kwa bega. Hapo mshindi ni yule aliyeondoka kwa makini zaidi, hata kama gari lake ni bovu na kuukuu. Ni mpango wa haki, nao umewawezesha watu wa kipato kidogo kushindana na matajiri.

Sasa tuitazame kanuni ya zamani ya mchezo huo. Ilisema kwamba wa kwanza kuwashiwa taa nyekundu ameshindwa, na mambo yamekwisha. Mwenzake alipewa taa ya kijani moja kwa moja. Kwa hiyo dereva wa gari la polepole akiwahi kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, alishindwa papo hapo. Sekunde tatu baadaye dereva wa gari la kasi aliweza kuwahi kwa sehemu mia moja za elfu, kosa kubwa mara mia, naye akahesabiwa mshindi. Kosa lake halikuandikwa popote, kwa sababu mtambo ulikuwa umekwisha kuacha kumtazama.

Kanuni hiyo ilikuwa na watetezi, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Walisema kuwa ni rahisi kueleweka. Walisema kuwa aliyekosa wa kwanza amejiua mwenyewe, na mwenzake asichunguzwe kwa sababu ya kosa la mtu mwingine. Walisema pia kwamba enzi za bendera jicho la mtu halikuweza kupima makosa mawili na kuyalinganisha. Hoja hii ya mwisho ilikuwa na uzito wakati wake, lakini uzito huo umepungua tangu vilipopatikana vyombo vya kupimia.

Hoja ya pili ndiyo yenye hila. Inasema wa kwanza kukosa ndiye wa kulaumiwa. Lakini je, ni nani anayeweza kuwa wa kwanza kukosa? Katika mbio za kawaida, ambamo wote hupewa ishara moja, yeyote kati ya wawili aweza kutangulia kukosa. Katika mbio za kutangulizana hali si hiyo. Anayetangulizwa huwa wa kwanza kupimwa sikuzote. Hakuchagua zamu hiyo, na zamu hiyo hiyo ndiyo inayomwangamiza.

Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu. Tuchukulie madereva wawili wenye makini sawasawa, ambao kila mmoja huwahi ishara mara moja katika kila mbio kumi. Wakishindana mara 1,000, kwa kadiri dhaifu atakosa mara 100, na mwenye nguvu atakosa mara 100. Katika mbio kama 10 watakosa wote wawili. Kwa kanuni ya zamani, dhaifu atapoteza zote 100 alizokosa, lakini mwenye nguvu atapoteza 90 tu, kwa kuwa zile 10 za pamoja amesamehewa bila hata kuulizwa. Tofauti si kubwa, wala hatutaki kuikuza. Lakini haitokei upande huu leo na upande ule kesho. Kila inapotokea humwangukia yule yule, naye ndiye yule ambaye mpango mzima ulitungwa kwa ajili yake. Huku ni kumpa mnyonge kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto.

Dawa ilipatikana, nayo haikuwa ngumu. Kompyuta iliruhusiwa kungoja hadi magari yote mawili yameondoka. Kama mmoja tu amekosa, huyo ameshindwa. Kama wamekosa wote, makosa hulinganishwa, na mwenye kosa kubwa ndiye anayeshindwa. Itazamwe vizuri kanuni hii. Haimsamehe anayetangulizwa. Mwenzake akiwa safi, yeye ataondolewa kwa kosa lake kama zamani. Kinachoondoka ni ile kinga aliyokuwa nayo wa pili, ya kukosa bila kuonekana.

Wanaodhani kuwa zamu haiwezi kuipotosha hukumu na watazame riadha. Hadi mwisho wa mwaka 2002, kila mkimbiaji wa masafa mafupi aliruhusiwa kuwahi ishara mara moja, na aliyerudia aliondolewa. Ndivyo alivyoondolewa Linford Christie wa Uingereza katika fainali ya mita 100 huko Atlanta mwaka 1996. Kuanzia mwaka 2003 kanuni ikabadilishwa. Kosa la kwanza lilihesabiwa kuwa la wote, na yeyote aliyekosa baada ya hapo alitolewa, hata kama yeye lilikuwa ndilo kosa lake la kwanza. Huko basi ikawa kinyume cha dragi: wa kwanza alisalimika na wa pili akalipa. Mjanja aliweza kuwahi makusudi ili wenzake waingiwe na hofu. Kitendo kimoja kiliadhibiwa au kuachwa kwa kufuata foleni.

Mwaka 2010 zikaja siasa kali zaidi: awahiye mara moja tu aondoke. Mwaka 2011, huko Daegu, Korea Kusini, Usain Bolt aliondolewa katika fainali ya mita 100 ya ubingwa wa dunia, na Yohan Blake akashinda. Mwaka 2022, huko Eugene, Devon Allen wa Marekani aliondolewa katika fainali ya mita 110 za kuruka viunzi mbele ya watu wa nchi yake. Mtambo ulionyesha kwamba alishtuka baada ya sekunde 0.099, na mpaka uliowekwa ni sekunde 0.100. Wengi waliona kuwa ni ukali uliopita kiasi, nasi hatuwalaumu. Lakini ukali huo una sifa moja: haumuulizi mtu jina lake wala zamu yake. Afadhali kanuni kali inayowapima wote kuliko kanuni laini inayompima mmoja.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe na Ukara, wa Kome na Maisome, na wale wa Unguja na Pemba waliozoea resi za ngalawa, watatuuliza: na majini je? Majini mstari haushikiki. Wimbi humsukuma mtu mbele naye hajakusudia. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za mashindano ya matanga zimechagua njia ya upole. Kwa kawaida chombo kilichovuka mstari kabla ya wakati huitwa kwa ishara, hurudi nyuma ya mstari, kikaanza upya. Yapo na majini mashindano ya kutangulizana, ambamo vyombo vya polepole hung'oa kwanza na vya kasi huvifukuza, na huko pia kila chombo hutazamwa kwa saa yake. Adhabu ni muda anaoupoteza mkosaji, nao huelekea kulingana na ukubwa wa kosa lake. Aliyevuka kidogo hurudi kidogo, na aliyevuka sana hurudi sana. Yule kijana wa maji angeambiwa tu arudi nyuma ya chokaa, angekuwa amepata adhabu ya kutosha.

Sasa tufike nyumbani. Hatudai kwamba kila kijiji cha Shinyanga na Geita kinunue mitambo ya taa. Haki haingoji kompyuta. Mambo manne yaweza kufanywa hata kesho, kwa gharama ya daftari na kalamu.

La kwanza, mwamuzi wa mstari asiondoke mstarini mpaka wa mwisho awe ameondoka. Atakayewafuata waliotangulia kwa pikipiki awe mtu mwingine. La pili, kila kundi liwe na jicho lake: waamuzi wawili, mmoja kila upande wa mstari, na kila kosa liandikwe kwa namba ya mshindani na kadiri ya kosa. La tatu, hukumu isitolewe mpaka makundi yote yameondoka. Kosa dogo lilipwe kwa kuongezewa muda, ulio mmoja kwa makundi yote, na kuondolewa kabisa kubaki kwa kosa kubwa au la kurudia. La nne, kanuni isomwe kwa sauti kabla ya mbio, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma pale inapohitajika, ili asiwepo wa kusema hakujua.

Mambo haya yanawahusu maofisa michezo wa wilaya, walimu wanaoandaa wanafunzi kwa ajili ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na vyama vya michezo vilivyo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mtoto anayeonewa mstarini akiwa na miaka kumi na miwili hujifunza somo ambalo mwalimu hakulikusudia. Hujifunza kwamba kanuni ni kwa ajili ya watu kama yeye, na kwamba wengine wanayo njia yao. Mtoto huyo atakuwa mzima, naye atakuwa raia mwenye somo hilo kichwani.

Tena viongozi wetu wanajua kuwa mstari wa kuanzia hauko uwanjani peke yake. Katika ukanda huu wa dhahabu, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliwatengea wananchi leseni ndogo za uchimbaji. Huko ni kutangulizwa, na ni jambo jema, maana mwenye sururu hawezi kushindana na mwenye mitambo bila kupewa mwanya. Lakini mwanya huo utakuwa bure iwapo mchimbaji mdogo atafutwa kwa kosa la karatasi siku ya kwanza ya ukaguzi, na mkubwa aliye jirani yake asikaguliwe kwa kuwa mkaguzi amekwisha kupata mkosaji wa kuandika katika taarifa. Ofisa anayegawa nafasi na asibaki mstarini mpaka wa mwisho aondoke.

Hatusemi kwamba dhaifu asiadhibiwe. Taifa hili lina fahari yake ya kutangulia kwa halali. Filbert Bayi, huko Christchurch mwaka 1974, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho akavunja rekodi ya dunia, na hakumwibia mtu hata nusu sekunde. Huo ndio utangulizi tunaoutaka. Kijana wa maji alikosa, na kosa lake lilistahili kuandikwa. Tunachodai ni kwamba katika daftari lile yangeandikwa makosa matatu, si moja, na mbuzi angekwenda kwa aliyestahili.

Wahenga walisema kutangulia si kufika, nao walisema kweli. Walisema pia mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kabla ya sikukuu ijayo, waandaaji na wachague nani atabaki mstarini. Nasi, tukialikwa tena katika viti vya wageni na kuona tuliyoyaona, safari hii tutasimama na kusema.